Kumi na Mbili ya Huku

Kaka yangu wa Mbalizi amenisusa. Wiki ya tatu sasa hapokei simu yangu, na kwenye grupu la ukoo anaitikia salamu za watu wote, yangu anairuka. Wifi ndiye aliyenitobolea siri: eti nimemtia hasara ya nozeli sita. Naandika hapa ili ukoo mzima usome, maana kosa si langu.

Ilikuwa hivi. Hapa Xintang, China, mizigo yetu ya jinzi huwa inatolewa kijiji cha Dadun na mzee mmoja mwenye pikapu chakavu ya dizeli, injini 4JB1, ile ile ya Isuzu mnayoijua. Siku hiyo nimekaa naye mbele, marobota nyuma yamefungwa kamba, kaka akapiga simu ya video. Akaiona pikapu, akauliza lita moja inakwenda ngapi. Nikamgeukia mzee. Akajibu bila kutoa sigara mdomoni: "Shi'er ge you." Nikatafsiri: kumi na mbili. Kaka kimya. Mkonge wake, ile Land Cruiser yake, ukishapakia lumbesa za viazi, lita inaishia kilomita nane. Kesho yake gari likalala gereji, pampu ikashushwa, nozeli zote sita zikabadilishwa. Wakalijaribu barabara ya Chunya. Nane.

Sasa nisikilizeni. Wachina hawapimi lita moja inafika wapi. Wanapima kilomita 100 zinakula lita ngapi, na mtaani hata hiyo lita hawaitaji. Wanasema "mafuta kumi na mawili", kama mtu anahesabu mayai. Gawa 100 kwa 12 unapata kilomita 8.3 kwa lita. Kwa hiyo pikapu ya mzee na mkonge wa kaka zinakunywa sawasawa, tena mkonge ndio uliobeba zaidi.

Na nane kwa gari lile si ugonjwa. Injini yake, 1HZ, ni ya lita 4.2, silinda sita, haina turbo, na mafuta yanaanza kuwaka kwenye chemba ndogo kabla ya kufika kwenye silinda, kwa hiyo joto jingi linaishia kwenye kuta za ile chemba. Gari lenyewe likiwa tupu ni kama tani mbili, na uso wake bapa kama kabati. Upepo nao una hesabu yake: ukitoka mwendo wa 60 ukafika 120, unakuzuia mara nne ya mwanzo. Nozeli mpya haibadilishi umbo la kabati. Fundi mkweli angemwambia hivyo, lakini fundi wetu akishaona mteja kaja na hela mkononi... tuyaache.

Huku hata sheli ina mambo yake. Dizeli inauzwa kwa namba. Sisi wa Guangdong tunaweka namba 0 mwaka mzima kwa sababu baridi ya maana haipo. Kaskazini wanashuka hadi -10, -20, hata -35, maana namba hiyo inafuata nyuzi za baridi ambazo mafuta huganda. Mwezi wangu wa kwanza niliona bango la sifuri nikamwambia dereva twende kwingine, hapa dizeli imekwisha. Bei nayo haingoji Jumatano ya kwanza ya mwezi kama ya EWURA kule Tanzania. Tume ya Taifa ya Maendeleo na Mageuzi inapiga hesabu kila baada ya siku 10 za kazi, bei mpya inaanza saa sita usiku, na mabadiliko yakiwa chini ya yuani 50 kwa tani hawaigusi. Hata magari yana sheria zake huku. Pikapu kisheria ni lori dogo: ikipita miaka 10 inakaguliwa kila miezi sita, ikifika 15 inafutwa, hata ikilia vizuri namna gani. Mzee wa Dadun amebakiza mwaka mmoja. Kwetu gari haliulizwi umri. Mkonge wa kaka umemzidi umri mwanawe aliyekwisha kuoa, na bado unapandishwa mlima Kawetere na lumbesa juu. Halafu anayelaumiwa ni mimi.

Binti yangu ndiye aliyenimaliza. Ameketi juu ya boksi la lebo za suruali, ananiuliza: gari likitoka kilomita 6 kwa lita hadi 8, na jingine likitoka 12 hadi 16, lipi limeokoa mafuta mengi zaidi? Nikasema la pili, mtoto gani asiyejua hilo. Akageuza boksi akaandika: la kwanza linaokoa lita 4 na kitu kwa kila kilomita 100, la pili lita 2 tu. Akaniambia ndiyo maana mwalimu wao anapenda kuhesabu kwa 100. Ana miaka kumi. Mimi nauza jinzi kwa maelfu, na nilihitaji kikokotoo.

Mdogo wake yeye ameambukizwa ile "ge" ya mzee, neno la Kichina la kuhesabia vitu. Anaiweka kila mahali: chapati ge mbili, mama, viatu vyangu ge moja kimepotea. Nikimsahihisha anacheka. Juzi nikampa simu amwelezee mjomba habari ya kumi na mbili, nikijua yeye hatasusiwa. Alirekodi sekunde arobaini. Mafuta yalipata tano, zilizobaki ni paka wa jirani aliyeingia kwenye robota la jinzi akakataa kutoka.

Kaka alijibu baada ya dakika mbili. Anauliza paka ametoka?