"Kiungo Rasmi" katika Kurasa za Mfululizo

Mwezi Februari 2009 kampuni za Google, Yahoo na Microsoft zilikubaliana juu ya lebo moja ndogo ya kuwekwa kichwani mwa ukurasa wa tovuti. Kazi yake ni kuiarifu injini ya utafutaji kwamba, ikiwa ukurasa huu waonekana kwa anwani kadhaa, anwani anayoitambua mwenyewe ni hii. Jina la Kiingereza la lebo hiyo latokana na neno lile lile la Kiyunani ambalo, kwa kupitia Kiarabu, limetufikia sisi kama "kanuni". Mfasiri aweza basi kushawishika kuandika "kiungo cha kanuni". Undugu wa maneno ni wa kweli, lakini hausaidii. Kwa msemaji wa Kiswahili kanuni ni jambo la kufuatwa, hali lebo hii ni dokezo tu, na injini yaweza kulipuuza.

Jina "kiungo mama" lina madhara makubwa zaidi, nasi yatupasa kulieleza kwa kirefu. Tuchukue mfano wa kubuni. Halmashauri mojawapo ya Mkoa wa Pwani ina matangazo mia moja kwenye tovuti yake, nayo yamepangwa kumi kumi katika kurasa kumi zinazofuatana. Hizi ndizo tunazoziita kurasa za mfululizo. Kijana wa Kisarawe anatafuta tangazo la kuitwa kwenye usaili. Mwezi uliopita lilikuwa ukurasa wa kwanza. Sasa limesukumwa hadi wa nne. Mtunzaji wa tovuti, akiongozwa na neno "mama", amezielekeza kurasa zote kwenye ule wa kwanza. Injini ikimsadiki, itauhesabu ukurasa wa nne kuwa nakala na kuuacha nje ya faharasa yake. Na tangazo ambalo njia yake pekee ilikuwa ukurasa huo laweza lisionekane kabisa. Usaili utafanyika bila kijana yule.

Ukurasa wa nne si nakala ya wa kwanza, hata kama vichwa vyao vinafanana. Wakazi wa Kibaha hawahitaji kufundishwa jambo hili: jina lao hubebwa na halmashauri mbili, ya wilaya na ya mjini, na barua ya moja ikipelekwa kwa nyingine huwa haijafika.

Kwa hiyo twapendekeza "kiungo rasmi". Urasmi hautegemei kutangulia wala ukubwa. (Ndiyo sababu "asilia" nalo tumeliacha.) Kiungo rasmi cha ukurasa wa nne huelekea kwenye anwani ya ukurasa wa nne wenyewe. Ukurasa huo huo ukifunguka pia kwa anwani yenye mkia wa alama za kufuatilia wageni, hapo ndipo anwani hiyo ya pembeni huelekezwa kwenye ile safi ya ukurasa wa nne, si ya wa kwanza.

Zilikuwapo pia lebo mbili za kuonyesha ukurasa uliotangulia na unaofuata. Mwaka 2019 Google ilitangaza kwamba haizitumii tena katika kuandaa faharasa yake. Vilivyobaki ni viungo vya kawaida, vile ambavyo msomaji huvibonyeza chini ya ukurasa, navyo visikatike hadi ukurasa wa mwisho. Mtunzaji anayetegemea programu ya kutengenezea tovuti asidhani kuwa imemmalizia kazi. Na afungue ukurasa wa pili, atazame msimbo wake, asome kiungo rasmi kimeandikwa nini. Kikiwa kinataja ukurasa wa kwanza, akirekebishe.