Kaburi la Mahenge, Songea

Nchi nyingi hutunza makaburi ya kale. Huko Ayalandi kiko kilima cha kaburi kiitwacho Newgrange, chenye umri wa miaka 5,000 na zaidi. Lakini hakuna ajuaye majina ya waliowekwa humo. Sisi wa Mjimwema tunalo kaburi karibu nasi, pale Mahenge, mjini Songea, na waliolala humo twawajua, maana ni babu zetu.

Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi wa Julai 1905, vikafika Ungoni mwezi wa Septemba. Misioni ya Peramiho ilichomwa moto. Hata Wadachi walipopata nguvu waliwakamata wakuu wa Wangoni, na tarehe 27 Februari 1906 wakawanyonga, naye Nkosi Mputa Gama akiwa mmoja wao. Watu zaidi ya 60 walifukiwa katika shimo moja. Nduna Songea Mbano alinyongwa siku chache baadaye, akazikwa peke yake. Tena askari waliteketeza vyakula, na njaa ikaua watu wengi kuliko risasi.

Watoto shuleni hutuuliza: Je, Mkristo aweza kuwaombea watu ambao upande wao ulichoma kanisa? Twajibu: Aweza, tena yampasa. Padre aliwaendea kifungoni, na wengine walibatizwa kabla ya kunyongwa. Basi hao waliingia kaburini wakiwa ndugu zetu katika imani. Na wale waliokataa ubatizo tusiwahukumu; hukumu ni ya Mungu.

Jamaa za Nduna Songea husema kwamba kichwa chake kilikatwa, kikachukuliwa Ulaya. Tarehe 1 Novemba 2023, sikukuu ya Watakatifu Wote, Rais wa Ujerumani Frank-Walter Steinmeier alifika hapo, akaomba msamaha, akaahidi kusaidia kukitafuta. Katekisimu yatufundisha kwamba toba ina majuto, maungamo na malipizi. Maungamo tumeyasikia, malipizi twayangoja.

Kuzika wafu ni tendo la huruma, na kulitunza kaburi ni kulitimiza tendo hilo. Makumbusho ya Taifa hulilinda kaburi la Mahenge, na kila Februari watu hukusanyika hapo. Enyi wazazi na walimu, wapelekeni watoto. Waambieni habari zote, za kanisa lililochomwa na za watu walionyongwa, pasipo kuficha neno. Kisha pigeni magoti pamoja nao, mkawaombee marehemu wote raha ya milele.