Mkoromo wa mtoto si dalili ya usingizi mnono

MZAZI anapomsikia mwanawe wa miaka minne akikoroma, aghalabu hutabasamu na kusema kuwa mtoto amechoshwa na michezo, au kwamba amemrithi babu yake. Katika familia nyingi humu nchini, mkoromo huhesabiwa kuwa dalili ya usingizi mnono.

Ukweli ni kinyume cha hayo. Mtoto anayekoroma siku mbili tatu kwa sababu ya mafua hana neno. Lakini yule anayekoroma usiku mara tatu au zaidi kwa juma, hata pasipo mafua, huenda anapigania pumzi huku wenzake wakipumzika.

Mwongozo uliotolewa mwaka wa 2012 na Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani unakadiria kuwa kati ya asilimia 1 na 6 ya watoto huzibwa pumzi usingizini. Mwongozo huo unamtaka daktari amuulize mzazi kuhusu mkoromo kila mtoto anapopelekwa kupimwa afya, kwa kuwa wazazi wengi hawalitaji jambo hilo wasipoulizwa.

Chanzo kikuu ni tezi. Kuna tezi za koo, ambazo wengi huziita tonsili, na ambazo huonekana pande zote mbili mtoto anapofungua kinywa. Kuna pia adenoidi, zilizojificha nyuma ya pua, juu ya kimio, ambazo mzazi hawezi kuziona kwa kumulika kooni.

Tezi hizi husaidia mwili kupambana na viini. Hata hivyo, kati ya umri wa miaka miwili na minane huwa kubwa zikilinganishwa na njia nyembamba ya hewa ya mtoto.

Akiwa macho, misuli ya koo huiweka njia hiyo wazi. Akilala, misuli hulegea na njia husongeka. Hapo ndipo mkoromo huanza. Wakati mwingine njia huziba kabisa, pumzi ikakatika kwa sekunde kadhaa, kisha ubongo ukamshtua mtoto ili avute hewa. Jambo hili laweza kutokea mara nyingi usiku mmoja, na asubuhi mtoto asikumbuke lolote.

Tezi si sababu pekee. Mzio wa vumbi, unene wa kupindukia, moshi wa sigara nyumbani na taya dogo la chini huchangia pia. Aidha, watoto wenye ugonjwa wa selimundu na wale waliozaliwa na hali ya Down wamo katika hatari kubwa zaidi.

Athari za usiku huonekana mchana. Mtu mzima aliyekosa usingizi husinzia, lakini mtoto mara nyingi huwa mtundu, mwenye hasira na asiyetulia. Darasani huitwa mzembe. Nyumbani, kwa kuwa wengine wao hukojoa kitandani hata baada ya umri wa kuacha, huadhibiwa kwa kosa wasilolitenda kwa hiari. Mtoto wa namna hii kiboko hakimsaidii. Anachohitaji ni kuchunguzwa.

Hali ikiwa mbaya na isipotibiwa kwa muda mrefu, ukuaji wa mtoto waweza kudumaa na moyo wake ukaelemewa.

Hayo si mageni katika tiba. Mnamo 1868, daktari Wilhelm Meyer wa Copenhagen, Denmark, alieleza jinsi uvimbe wa adenoidi unavyoharibu upumuaji na usikivu wa watoto. Mwaka wa 1889, daktari Mwingereza William Hill aliandika kuwa kuziba kwa njia ya hewa ni miongoni mwa sababu za baadhi ya watoto kuonekana wazito wa kuelewa. Na mwaka wa 1976, Christian Guilleminault na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha taarifa za watoto wanane waliokatikiwa na pumzi usingizini.

Yapo pia madhara yanayohusu uso wenyewe. Mtoto ambaye pua yake imeziba hupumua kwa mdomo. Kinywa kikikaa wazi usiku na mchana, ulimi hushuka chini badala ya kuegemea kaakaa.

Kaakaa ndiyo dari ya kinywa na papo hapo ndiyo sakafu ya pua. Watoto wanaopumua kwa mdomo kwa miaka mingi mara kwa mara huonekana wakiwa na kaakaa jembamba lililoinuka, uso mrefu, na meno yaliyosongamana au yasiyokutana vyema. Taya la juu likiwa jembamba, pua nayo hukosa nafasi.

Katika majaribio yaliyofanywa California katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, mtafiti Egil Harvold na wenzake waliziba pua za kima wachanga. Wanyama hao walipolazimika kupumua kwa mdomo, taya zao na mpangilio wa meno yao vilibadilika. Binadamu si kima, na wataalamu wangali wanajadili ni kiasi gani cha umbo la uso hutokana na upumuaji na ni kiasi gani hurithiwa. Lakini hakuna anayepinga kwamba uso wa mtoto ungali unajengwa.

Hapa ndipo penye uzito wa suala hili. Ni kweli kwamba adenoidi hunywea zenyewe mtoto anapokaribia kubaleghe, na kwa sababu hiyo wapo wanaoshauri kusubiri. Lakini miaka ambayo tezi hizo huwa kubwa ndiyo miaka ambayo taya hukua na mtoto hujifunza kusoma. Tezi zitanywea, ila miaka hiyo hairudi.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Taya la juu lina pande mbili zilizoshikana katikati ya kaakaa kwa mshono ambao utotoni haujakaza. Daktari wa kupanga meno aweza kuupanua polepole kwa kifaa kinachofungwa kwenye meno, mbinu ambayo Mmarekani Emerson Angell aliieleza tangu mwaka wa 1860. Mtu akishakuwa mzima, huenda kazi iyo hiyo ikahitaji upasuaji.

Inafaa kutahadharisha kwamba kifaa hicho ni cha mtoto ambaye taya lake limethibitishwa kuwa jembamba. Si dawa ya kila mkoromo. Vivyo hivyo, kumbandika mtoto plasta mdomoni ili apumue kwa pua ni hatari, kwani pua yake huenda imeziba.

Kuna hatari nyingine iliyo karibu nasi zaidi. Katika baadhi ya jamii za Afrika Mashariki, mtoto anayekohoa au kupumua kwa shida hupelekwa kukatwa kimio. Mtoto aweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda au maambukizi mengine, na tatizo lenyewe likabaki palepale, kwa kuwa kukata kimio hakuondoi tezi zilizo nyuma ya pua.

Matibabu hutegemea chanzo. Mwenye mzio hupewa dawa ya kupuliza puani. Mnene husaidiwa kupunguza uzani. Ambaye tezi zake zimeziba njia huenda akafanyiwa upasuaji wa kuziondoa.

Hata hivyo, si kila mtoto huhitaji kisu. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 2013, watoto 464 wa umri wa miaka mitano hadi tisa waligawanywa makundi mawili: waliofanyiwa upasuaji mapema, na waliosubiri chini ya uangalizi wa madaktari. Baada ya miezi saba, vipimo vya usingizi vilikuwa vya kawaida kwa asilimia 79 ya kundi la kwanza na asilimia 46 ya kundi la pili. Makundi hayo hayakutofautiana sana katika jaribio la umakinifu, lakini waliopasuliwa walikuwa na tabia tulivu na usingizi bora zaidi.

Maana yake ni kwamba kusubiri kwaweza kuwa uamuzi mwema, mradi daktari ameshamwona mtoto na anaendelea kumfuatilia. Kusubiri kwa kutojua ni jambo jingine kabisa.

Mzazi afanye nini? Kwanza, amtazame mtoto akiwa usingizini, hasa saa za alfajiri. Je, anakoroma? Pumzi hukatika kisha akashtuka? Kifua hubonyea anapovuta hewa? Hulala ameinua shingo au hutokwa jasho jingi? Akiamka, kinywa ni kikavu na kichwa kinamuuma?

Pili, arekodi hali hiyo kwa simu. Video ya dakika mbili humweleza daktari mengi ambayo mtoto akiwa macho hayaonyeshi.

Tatu, aanze katika kituo cha afya kilicho karibu na kuomba kuelekezwa kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo. Wataalamu hao wanapatikana katika hospitali za rufaa kama vile Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, na Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Kuhusu meno, madaktari wa kupanga meno nchini Marekani hupendekeza mtoto aonwe kabla ya kupita umri wa miaka saba.

Mtoto mchanga anayeshindwa kunyonya kwa sababu ya kukosa pumzi, au yeyote ambaye midomo yake inageuka rangi na kuwa ya samawati, asingojewe hadi kupambazuke. Huyo apelekwe hospitalini usiku uo huo.