Kutu Haina Dawa ya Kupaka

Jumatatu asubuhi, kabla sijafungua hata kufuli la pili la karakana, mwalimu mmoja mstaafu wa Kisauni alikuwa tayari ananisubiri mlangoni na picha kwenye simu. Peugeot 504 ya mwaka 1974, nyeupe hapo zamani, sasa ina rangi ya meno ya mvuta sigara. Anataka kuifufua nyuma ya nyumba yake, kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo nalisifu. Kisha akaniuliza: "Fundi, ni dawa gani ya kupaka inayoua kutu?"

Nimeulizwa hivyo tangu nilipokuwa mwanagenzi wa kushika msasa na kutumwa chai. Wenye Datsun wameniuliza. Wenye Land Rover za zamani wameniuliza, watu ambao bodi zao ni za alumini na hawana habari kwamba chesisi ya chuma inaliwa chini ya miguu yao. Kuna bwana aliyeniletea hata picha za Ford Mustang ya binamu yake aliye Dubai. Magari mbalimbali, swali moja, na kosa lake ni moja: linadhani kutu inatoka nje kwenda ndani, kama uchafu, hivyo mtu akiifuta na kuipaka kitu mambo yameisha.

Chukua boriti ya chini ya mlango, ile unayoikanyaga ukipanda gari. Si kipande kimoja cha bati. Ni mabati yaliyokunjwa na kuunganishwa, na katikati yake pana uwazi. Humo ndani hamkupigwa rangi ya maana kiwandani; magari ya miaka ile hayakupata kinga yanayopata ya leo. Gurudumu la mbele linarusha matope, maji ya mvua yanateremka kutoka mlangoni, na yote yanaishia mle. Chini pana matundu madogo ya kutolea maji. Udongo ukiyaziba, boriti imegeuka mtungi. Ongeza chumvi ya hewa yetu hapa pwani, maana chumvi huyafanya maji yapitishe umeme vizuri zaidi na kutu ikakimbia badala ya kutembea. Bati lenyewe lina unene wa milimita moja, mara nyingi halifiki. Linaliwa kutoka upande usiouona, mwaka baada ya mwaka, nawe juu unaosha na kung'arisha.

Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, kwa hiyo hatimaye inaisukuma rangi, nawe unaona malengelenge. Wateja hufikiri siku hiyo ndiyo kutu imeanza. Siku hiyo ndiyo imemaliza. Lichokonoe lengelenge kwa bisibisi uone kama nyuma yake kuna kitu. Kupaka dawa juu yake ni kumchua kwa mafuta mtu aliyevunjika mfupa.

Na nasema mfupa kwa makusudi. Saluni ya 504 haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo mifupa yenyewe, na boriti zile mbili za chini ya milango zinashika mbele na nyuma zisikunjane. Watu hupenda kunikumbusha kwamba gari hili lilishinda Safari Rally, na ni kweli: Ove Andersson mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas mwaka 1978 kwa lile la milango miwili lenye injini ya V6. Sifa hiyo ilitokana na springi ndefu na mashine isiyosusa. Bati halikushiriki. Magari ya mashindano hata hivyo hayakungoja miaka hamsini pale Kisauni.

Sasa hizo dawa. Chupa inayoitwa dawa ya kutu si uongo wote, nami ninayo rafuni. Kwa kawaida ndani yake mna asidi ya fosforasi au tanini. Ikikutana na kutu nyembamba iliyoshika chuma kizima, inaigeuza kuwa ngozi nyeusi au ya kijivu iliyotulia, unayoweza kuipakia praima. Lakini ili ifanye kazi lazima iifikie kutu, na lazima chini ya kutu kuwe na chuma. Kwenye magamba yanayobanduka haipenyi, inatia weusi juu tu. Kwenye tundu haina cha kushika. Ndani ya boriti, kwenye upande ule unaoliwa, huwezi kuifikisha kwa brashi hata ukiomba dua. Soda na ndimu nazo ni asidi, ila kwa unyonge zaidi, na soda ina sukari ya kuitia sisimizi. Zitakung'arishia bolti. Mlango hazitakuponyea.

Wengine humwaga oili chafu iliyochanganywa na dizeli chini ya gari zima. Kusema haki, mafuta hukinga chuma. Ila oili iliyokwisha tumika hubeba asidi na uchafu wa injini, hulainisha mipira ya bushi, na hunasa vumbi ambalo nalo hunasa unyevu. Zaidi ya hayo, ukishaimwaga umenifungia mlango. Sitachomelea pale bila kuhofia moto, na rangi haitashika: inajikunjakunja na kuacha vishimo vya mviringo tunavyoviita macho ya samaki. Tone moja linaloteleza kwenye kitambaa linatosha kuharibu boneti nzima.

Lakini adui yangu hasa ni pati ya kujazia bati.

Pati si kitu kibaya. Ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1950. Kabla yake mafundi walijaza mabonde kwa risasi iliyoyeyushwa, na hata baadaye magari mengi ya Kimarekani ya miaka ya 1960 yenye injini kubwa, yale ambayo wenzetu huko wanayafufua kwenye magereji ya nyumbani, yalitoka kiwandani na risasi kwenye maungio ya paa. Risasi ni metali, haipitishi maji. Ila vumbi lake ni sumu, kwa hiyo ukikutana nayo usiipige msasa wa mashine. Pati ya leo ni utomvu wa poliesta uliokorogwa na unga wa talki, jamaa ya poda ya mtoto. Sasa fikiri. Poda hufanya nini ikiona maji?

Inakunywa. Pati iliyoganda ina vinyweleo, na ukiipaka juu ya tundu umeweka sifongo mlangoni mwa mtungi. Upande wa nje umeupiga rangi, unang'aa. Upande wa ndani uko wazi, unanywa ule unyevu wa boriti na kuubana kwenye kingo za bati. Kingo zinaendelea kuliwa, pati inakosa pa kushika, na mvua za pili au za tatu inaachia ikiwa kipande kizima, na rangi yako ya bei juu yake.

Nimezifungua boriti nyingi za namna hiyo. Nimekuta magazeti yaliyoviringwa, waya wa kuku, sponji ya kiti, na mara mbili saruji. Saruji, ndani ya gari! Juu ya takataka hizo pati nene kama kidole, imesuguliwa vizuri mno, maana aliyefanya alikuwa na mkono mzuri. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Fundi mwenye mkono ule angeweza kukata na kuchomelea. Aliambiwa na mwenye gari, "Nifunikie tu, nataka kuliuza," naye akafunika. Aliyelinunua ndiye aliyeniletea, akilia kwamba rangi aliyouziwa ilikuwa feki. Rangi ilikuwa halali kabisa.

Kazi ya pati ni moja: kusawazisha bati zima lililonyooshwa lakini likabaki na mawimbi. Milimita tatu ikishakauka na kusuguliwa, isizidi. Ukitaka kujua gari limebeba kiasi gani, chukua sumaku ndogo, ifunge kitambaa laini isikwaruze, uipitishe polepole kwenye kingo za magurudumu, chini ya milango na pembe za buti. Inaposhika kwa nguvu pana chuma. Inapolegea pana pati. Inapoanguka, funga safari urudi kwenu.

Haya, ufanyeje. Toa viti, mazulia na mapambo yote, kisha chokonoa kwa bisibisi kila mahali: boriti, sakafu, chini ya milango, kingo za magurudumu ya nyuma, pale springi za mbele zinapoegemea, chini ya kioo cha mbele. Zungushia chaki panapozama. Boriti zote mbili na sakafu zikiwa zimekwisha, tafuta bodi nyingine, mapenzi yasikufilisi. Kutu ya juu juu, isugue kwa brashi ya waya mpaka chuma, paka dawa ile ya chupa, ifuate kama kopo linavyosema, kisha praima. Penye tundu, kata mpaka ufike bati safi, uchomelee bati jipya la unene ule ule, nukta hapa na nukta kule ili lisijikunje kwa joto. Kabla ya kukata boriti, funga pau za chuma kwenye uwazi wa milango, la sivyo gari litabonyea na milango haitafunga tena maisha. Ondoa betri na tangi la mafuta kabla ya cheche ya kwanza. Kama hujawahi kuchomelea bati jembamba, hapo mwite anayejua. Wewe kata na usafishe, utakuwa umeokoa fedha nyingi tayari.

Chuma kitupu hapa kwetu kikilala usiku mmoja huamka na vumbi la rangi ya chungwa, kwa hiyo kipake praima ya epoksi siku ile ile. Epoksi, si ile nyekundu ya kawaida ambayo watu huipaka na kuliacha gari nje miezi sita wakidhani limekingwa. Ile nayo hunywa maji. Pati ije juu ya epoksi, isuguliwe kavu kwa msasa namba 80, kisha 180. Praima ya kujaza juu yake, ukiisugua mpaka namba 400. Boriti ikishapigwa rangi nje, pulizia nta ndani yake kupitia matundu, nayo matundu yabaki wazi. Usisahau hilo, ndiko tulikoanzia.

Kupuliza rangi yenyewe nyumbani ndiko nisikokubali kirahisi. Rangi za kisasa zenye hadina, yaani kigumishi, na vanishi yake ya juu, hubeba isosayaneti. Ukiivuta inaweza kukutia pumu ya kudumu, na haimchagui mpulizaji peke yake. Mtoto wa jirani naye anavuta. Kile kitambaa cha puani ni pambo. Kinachohitajika ni barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka mbali. Kama huna, fanya maandalizi yote nyumbani, kisha lipeleke gari likapulizwe kwenye chumba maalumu. Huo ndio ushauri wangu kwa watu wengi, na si kwamba natafuta wateja. Upange iwe wakati wa kaskazi, hewa ikiwa kavu, si masika. Ukibadilisha rangi, badilisha na kitabu cha gari.

Mwalimu alisikiliza yote haya akiwa amesimama, maana kiti cha karakana kimevunjika. Aliuliza kama hakuna njia ya mkato. Nikamwazima bisibisi.

Alirudi Alhamisi. Boriti ya kushoto ni nzima. Ya kulia, bisibisi iliingia mpaka mpini, na nyuma ya pati akakuta gazeti la mwaka 2009. Ameanza kukata.