Wi-Fi ikigoma, usiitupe hiyo laptopu!

Juma hili tuko na washikaji wa laptopu za mtumba, zile zinazonunuliwa Kariakoo halafu zinapanda treni mpaka Tabora. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na mikweche mingi Windows 11 haiikubali. Dawa yake Linux, tena ya bure.

Lakini hapo ndipo kasheshe linapoanza. Mashine inawaka safi, Wi-Fi kimya! Chipu ya Broadcom inataka draiva, yaani programu ya kuiendesha. Draiva iko kwenye intaneti, na intaneti unaitafuta kwa hiyo hiyo Wi-Fi. Ni kama yaliyomkuta Livingstone mwaka 1872 pale Kwihara, nje kidogo ya mji wetu: safari ipo, wapagazi hawapo. Alingoja mpaka Agosti, walipofika watu aliotumiwa na Stanley kutoka pwani.

Linux nazo zina wapagazi. Debian, Ubuntu na Mint zinamtumia apt, Fedora inaye dnf. Ukiomba programu, mpagazi anakuletea pamoja na vyote inavyovitegemea. Kwa kazi hiyo sioni wa kumcheka mwenzake. Wanapopishana ni kwenye mzigo uliofungwa kabla ya kuondoka.

Kura yangu naipa Mint. Draiva za Broadcom zimo kwenye flashi ile ile uliyoiwekea. Chomeka, fungua Driver Manager, kwisha kazi. Ubuntu nayo inazo, mradi ukubali draiva za ziada wakati wa kuiweka. Debian ilikuwa kaidi, mpaka toleo la 12, Juni 2023, ndipo flashi yake rasmi ikaja na vijiprogramu vya kuamshia chipu. Wenye Intel wanapeta, wenye Broadcom wengi bado wanahenya. Fedora ndiyo usiseme: draiva hiyo inafuatwa RPM Fusion, kwa hiyo intaneti kwanza.

Halafu kuna bando, jamani. Ubuntu ina Snap, inayojisasisha yenyewe bila hata hodi. Umejibana ukanunua bando la wiki uchape barua za watu za kuomba kazi, kumbe linaliwa chinichini! Izuie kwa amri ya sudo snap refresh --hold. Mint iliifungia Snap mlango tangu toleo la 20, mwaka 2020, na kwa kawaida masasisho yake yanangoja ruhusa yako.

Ukienda kununua, beba flashi ya Mint. Washia mashine humo bila kuweka kitu, kisha andika lspci. Mstari wa Network ukisema Intel, toa hela. Ukisema Broadcom, omba punguzo bila aibu.

Na kama ulishanunua? Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti, Linux itaipokea na draiva utaishusha. Ila waya uwe wa kupitisha data, siyo ule wa kuchajia tu.