Hoteli ya kisiwani mamilioni kwa usiku: unalipia nini, na nani anazuiwa kuvua?

Gesti ya kawaida ya Mpanda mjini unaijua. Unalipa, unapewa ufunguo, ukibahatika na ndoo ya maji ya moto. Asubuhi unarudi stendi kutafuta gari la Sibwesa na hela ya chai bado iko mfukoni.

Sasa kuna chumba kingine, Tanzania hii hii. Kimeezekwa makuti, hakina televisheni, na kwa usiku mmoja mtu mmoja analipa zaidi ya dola 1,000. Piga hesabu ya shilingi 2,500 kwa dola, unapata milioni mbili na nusu. Kwa kichwa. Mkiwa mke na mume, zidisha mara mbili.

Chumba hicho kiko Mnemba, kisiwa kidogo kaskazini mashariki mwa Unguja ambacho unaweza kukizunguka kwa miguu kwa dakika ishirini hivi. Vyumba vyenyewe ni 12 tu. Na bado kuna wa juu zaidi. Thanda, kwenye kisiwa cha Shungimbili karibu na Mafia, hukodi chumba, unakodi kisiwa kizima. Kilipofunguliwa mwaka 2016 bei ilianzia dola 10,000 kwa usiku.

Wengi wakisikia hivyo wanasema "hao wana hela za kuchezea" na stori inaishia hapo. Lakini kwa mtu wa Katavi, ambaye mkoa wake una ufukwe wa Ziwa Tanganyika, hesabu hii inafaa kueleweka mapema. Barabara na bandari vikishafika, wawekezaji nao huwa hawachelewi.

Unalipia nini hasa?

Tuanze na gharama za wazi. Kisiwani hakuna duka la jirani. Kitunguu, unga, gesi, sabuni, shuka, balbu, hata fundi wa kuja kubadilisha hiyo balbu, vyote vinavuka maji kwa boti inayokunywa mafuta. Takataka nazo zinarudi kwa boti. Wafanyakazi hawawezi kurudi nyumbani jioni, kwa hiyo wanalala hapo hapo, wanakula hapo hapo, na mwajiri ndiye anayegharamia.

Maji ndiyo kichwa kinachouma zaidi. Visiwa vingi vidogo vya baharini ni matumbawe, havina mto wala kisima cha maji baridi. Ama uvune mvua, ama uweke mtambo wa kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, na mtambo huo unakula umeme kweli kweli. Kisha inakuja masika. Aprili na Mei hoteli nyingi za pwani hubaki na wageni wachache au hufunga kabisa, lakini mlinzi bado anataka mshahara na boti bado inataka rangi.

Ukijumlisha yote hayo, gharama ni kubwa, ila bado hazifiki milioni mbili na nusu kwa kichwa. Inayobaki ni bei ya kitu kimoja: kutokuwepo kwa watu wengine. Mgeni ananunua ufukwe mtupu. Anataka aamke, atazame kushoto, atazame kulia, asione mtu.

Na ufukwe hauwi mtupu wenyewe. Kila siku boti kutoka Matemwe, Nungwi na kwingineko huleta watalii wa mchana kutazama samaki kwenye miamba ya Mnemba. Wanaogelea, wanapiga picha, ila kushuka kisiwani hawaruhusiwi. Kwa hiyo ukiona ile picha ya mchanga mweupe usio na unyayo hata mmoja, jua kuna mtu ameambiwa asikanyage pale.

Swali la maana ni moja tu: huyo aliyeambiwa asikanyage amepata nini?

Chumbe walivyofanya

Hapa kuna mfano ambao mimi naupenda kuliko hoteli zote za bei mbaya, na wenyewe ni wa bei ya chini kidogo. Kisiwa cha Chumbe kiko kusini mwa Mji wa Zanzibar. Kina urefu wa kilomita moja na kitu, mnara wa taa wa mwaka 1904, msitu wa mwamba, na vyumba saba. Basi, saba.

Mwaka 1994 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilitangaza mwamba wa upande wa magharibi kuwa hifadhi. Hakuna kuvua, hakuna kutia nanga juu ya matumbawe. Kusimamia hifadhi hiyo hakukuachiwa bajeti ya serikali. Ilipewa kampuni binafsi isiyoendeshwa kwa ajili ya faida, na fedha zake zinatokana na wageni wanaokuja kulala. Wageni walianza kupokelewa mwaka 1998, baada ya miaka ya kufuatilia vibali na kusafirisha tofali kwa boti.

Vyumba vyenyewe vina ujanja wake. Paa la makuti ni kubwa kupita kiasi kwa sababu kazi yake ni kukinga mvua. Maji yanachujwa, yanashuka kwenye tangi chini ya sakafu, na hayo ndiyo unayoogea. Umeme ni wa jua. Choo hakivutwi maji, kinachofanyika ni kuozesha kinyesi kiwe mboji, kwa hiyo hakuna maji machafu yanayoshuka baharini. Usiku hakuna taa za nje, unapewa tochi. Hakuna kiyoyozi, unashusha pazia upepo uingie. Nakiri kwamba ukiwaeleza watu wa nyumbani umelipa kwa dola ili ulale bila feni kwenye choo kisicho na maji, watakuombea.

Ila tazama nani anafanya kazi pale. Walinzi wa kwanza wa hifadhi walikuwa wavuvi. Walifundishwa kutambua samaki na matumbawe, na hawabebi silaha. Akija mvuvi mwenzao karibu na mpaka, wanamfuata kwa boti na kumweleza kwa maneno kwa nini pale hapavuliwi. Maneno yenyewe yanaeleweka hata na asiyesoma: mwamba ukifungwa samaki wanazeeka, wanataga, wanajaa, kisha wanamwagika nje ya mpaka ambako nyavu zinaruhusiwa. Leo mwamba huo una aina zaidi ya 400 za samaki. Juu yake, hela ya wageni inalipia safari za wanafunzi wa Zanzibar wanaopelekwa kujifunza pale.

Tuseme ukweli lakini. Chumbe ilikuwa na bahati. Upande ule wa mwamba uko jirani na njia ya meli na wavuvi wadogo hawakuutegemea sana hata kabla ya kufungwa. Kufunga sehemu ambayo kijiji kizima kinakula kutokana nayo ni habari nyingine kabisa.

Sasa rudi ziwani

Wilaya ya Tanganyika inagusa ziwa kwa Karema na Ikola. Karema sasa ina bandari mpya. Ukishuka kusini unaingia Nkasi, mkoa wa Rukwa, na mbele ya Kipili kuna visiwa kadhaa. Kimojawapo ni Lupita, ambacho miaka ya 2000 kilijengewa hoteli ya kifahari, wageni wakiletwa kwa ndege ndogo na boti. Kaskazini kuna Mahale, hifadhi ya taifa tangu 1985. Hiyo si kisiwa, ila kwa mgeni inafanana na kisiwa: ndani hakuna barabara za magari, unafika kwa boti au ndege, mbele ni maji na nyuma ni mlima wenye sokwe. Kambi za kule nazo zinalipisha kwa mamia ya dola kwenda juu.

Yaani bidhaa ile ile ya Mnemba inauzika huku kwetu. Na ziwa lina faida ambayo bahari haina. Maji ni baridi, hayana chumvi, mtambo wa gharama hauhitajiki. Chini kuna mamia ya aina za samaki wadogo wa rangi rangi, wengi wao hawapatikani kokote duniani isipokuwa humu.

Kufungiwa maji nako tumeshakuonja. Mwaka 2024 nchi nne zinazochangia ziwa, yaani Tanzania, Burundi, Zambia na Kongo, zilisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwenye mtumbwi alikaa miezi mitatu bila kipato, na hata aliye mbali na ufukwe aliona kwenye bei ya dagaa na migebuka. Kufunga kule kulikuwa kwa wote na kuna tarehe ya mwisho. Hoteli ikipewa ghuba, kufunga kunaweza kuwa kwa miaka mingi na kwa kijiji kimoja tu.

Wenzetu wa Katuma na Mwese, wilaya hii hii, tayari wanauza kitu cha aina hiyo. Vijiji vinalinda msitu, havikati, na vinalipwa kwa biashara ya hewa ukaa. Mabilioni ya shilingi yameingia, yakajenga madarasa na zahanati. Kinachofanya iende ni kwamba kijiji ni mwenye msitu na mgao wake umeandikwa kwenye mkataba. Kwenye hoteli za visiwani mara nyingi kijiji kinaahidiwa "ajira kwa vijana", neno tamu lisilo na namba.

Siku mwekezaji akija mkutanoni

Ardhi ya kijiji haitolewi na mwenyekiti peke yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukubali au ukatae ardhi kuhamishwa, eneo likiwa halizidi hekta 250. Likizidi hapo uamuzi unakwenda kwa Waziri, lakini mkutano lazima utoe maoni yake. Na fidia inakubaliwa kwanza, kiasi chake na muda wa kulipwa, ndipo ardhi ihame. Mgeni asiye raia hamiliki ardhi hiyo kama mali yake, anapata haki ya kuitumia kwa ajili ya uwekezaji kwa muda maalumu.

Kuna na mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari au ziwa. Ukiambiwa kibanda chako cha kukaushia dagaa kiko karibu mno na maji, una haki ya kuuliza baa ya hoteli nayo itakaa wapi.

Ila mtego wenyewe uko kwenye maji, na hapa ndipo watu wanapopigwa chenga. Mkutano unajadili ardhi: heka ngapi, mikorosho mingapi, kaburi la nani. Mvuvi hapotezi heka. Anapoteza mahali pa kuegesha mtumbwi, njia ya kupita usiku, na mazalia ambayo babu yake alimwonyesha. Hayo hayapo kwenye ramani ya kiwanja. Kama mkataba hausemi boti za kijiji zitapita wapi na zitaegesha wapi, atakuja kuambiwa na mlinzi, tena kwa filimbi. BMU, kile kikundi cha wavuvi cha kulinda rasilimali, kikae mezani siku ya kwanza, kisije kuitwa siku ya uzinduzi kupiga ngoma.

Na wewe ukitaka kulala kisiwani?

Huhitaji dola 1,000. Rubondo, kwenye Ziwa Victoria, ni hifadhi ya taifa tangu 1977, na TANAPA wana malazi ya kawaida ambayo Mtanzania analipa kwa shilingi. Uvuvi wa kibiashara umezuiwa pale, na sato na sangara huzaliana kwenye maji yake. Sokwe waliopo ni uzao wa wale walioletwa kutoka Ulaya miaka ya 1960.

Kwa karibu zaidi, panda basi Mpanda kuelekea Sumbawanga, pitia Namanyere, ushuke mpaka Kipili, kisha patana na mwenye boti akupeleke kuona visiwa. Vaa jaketi la kuokolea hata kama wenyeji wanakucheka, na uliza wapi pana mamba kabla hujavua shati. Juni hadi Agosti upepo wa kusi huchafua ziwa mchana, kwa hiyo safari ianze alfajiri. Nahodha akisema tusubiri, subiri.