Je, Wajua? Zebaki Huingia kwa Pumzi

Je, wajua kwamba lita moja ya zebaki ina uzito wa kilo 13 na nusu? Hii ndiyo metali pekee iliyo kimiminika katika joto la kawaida la chumbani. Haigandi mpaka nyuzi 39 hivi chini ya sifuri. Chupa ya chuma inayotumika kuisafirishia sokoni hubeba kilo 34 na nusu, ingawa kilichomo hakifiki lita tatu.

Je, wajua kwamba zebaki haisubiri kuchemka ndipo itoe mvuke? Huchemka kwenye nyuzi 357, lakini hata ikiwa imetulia kwenye kisahani mezani inapaa kidogo kidogo, na mvuke wake hauna rangi wala harufu. Ukiuvuta, karibu asilimia 80 yake huingia kwenye damu. Ukimeza tone lenyewe, kinachofyonzwa na tumbo hakifiki sehemu moja katika elfu kumi. Kwa hiyo mtoto akimeza zebaki ya kipimajoto kilichovunjika, mpelekeni hospitali bila kumtapisha, hasa kwa ajili ya vioo, lakini mkumbuke kwamba hatari kubwa zaidi imebaki sakafuni, ambako nyumba nzima inaivuta.

Je, wajua kwamba ufagio ni zana mbaya ya kuiokotea? Unapasua tone moja kuwa mamia, na kila tone dogo ni mlango mpya wa mvuke. Mashine ya kufyonza vumbi ni mbaya zaidi, kwa sababu huipasha joto na kuitawanya hewani. Fanya hivi: watoe watoto chumbani, fungua madirisha, funga mlango wa kuelekea vyumba vingine, vaa glavu na uvue pete, maana zebaki hushikamana na dhahabu papo hapo. Chukua vipande viwili vya karatasi ngumu, yasukume matone mpaka yakutane, yainue, yatie kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kukaza. Mulika tochi ukiilaza karibu na sakafu: matone yaliyojificha yatang'aa, nawe uyanase kwa selotepu. Usimwage kwenye sinki wala chooni, na nguo iliyolowa zebaki usiifue. Chupa hiyo ipelekeni kituo cha afya au kwa maofisa wa mazingira wawaelekeze.

Je, wajua kwamba ni marufuku kuingia na zebaki kwenye ndege? Ikigusa alumini iliyokwaruzwa huanza kuila, na mwili wa ndege nyingi kwa sehemu kubwa ni alumini.

Je, wajua kwamba katika shughuli zote za binadamu, inayopeleka zebaki nyingi zaidi hewani si makaa ya mawe wala saruji, bali dhahabu ya wachimbaji wadogo? Tathmini ya Umoja wa Mataifa ya 2018 ilikadiria kwamba mwaka 2015 shughuli za binadamu ziliingiza hewani tani 2,220 hivi, na asilimia 38 zilitoka kwao. Hapa ndipo machimbo ya Geita, Chunya na Migori yanapohusika. Jiwe likitoka kwenye duara, yaani shimo la uchimbaji, hupondwa kwa karasha, husagwa na kuoshwa kwenye mwalo. Kisha zebaki humwagwa kwenye karai na mchanga ukakandwa kwa mikono mitupu, mara nyingi mikono ya wanawake. Zebaki hukusanya chembe za dhahabu, hukamuliwa kwa kitambaa, na linabaki donge la rangi ya fedha. Karibu nusu ya donge hilo bado ni zebaki. Likiwekwa motoni, nusu hiyo hupaa mbele ya pua ya anayechoma, na wengine huchomea nyumbani, kwenye jiko lile lile la kupikia, mtoto akiwa mgongoni.

Kitambaa puani hakizuii kitu hapo, wala barakoa ya vumbi. Mvuke hupita. Barakoa inayofaa ni ile yenye kichujio maalumu cha mvuke wa zebaki.

Je, wajua kwamba zaidi ya asilimia 90 ya zebaki hiyo inaweza kurudishwa? Chombo chenyewe huitwa retoti, na fundi mzuri wa kuchomelea vyuma anaweza kukiunda: chungu cha chuma chenye kifuniko kinachokazwa, na bomba linalotoka humo na kupozwa kwa maji. Donge likipashwa moto ndani, mvuke hupita kwenye bomba, unapoa, unageuka kuwa matone na kudondoka kwenye bakuli. Mchimbaji anaokoa mapafu yake, na zebaki aliyoinunua kwa fedha yake anaitumia tena. Masharti yake ni machache lakini hayana mjadala: itumike nje, mbali na makazi, isifunguliwe kabla haijapoa kabisa, na ncha ya bomba isizamishwe ndani ya maji, kwani chungu kikianza kupoa kinaweza kuyafyonza maji na kulipuka. Naona kila mwalo ungepaswa kuwa na retoti moja ya pamoja kabla ya kuruhusiwa kuwasha moto.

Mnunuzi wa dhahabu mjini naye asijione yuko salama. Dhahabu iliyokwisha kuchomwa huko machimboni huja bado na zebaki kidogo, na akiiyeyusha dukani anayemalizia kuivuta ni yeye na majirani zake.

Je, wajua kwamba Mkataba wa Minamata, ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017 na ambao Tanzania imo, umetaja mambo manne ya kukomeshwa machimboni? Kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya ule mchanga mzito uliokwisha kuchujwa. Kuchoma donge wazi. Kulichoma kwenye makazi ya watu. Na kuchenjua kwa sayanaidi marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, ambayo bado yana zebaki. Hili la nne halizungumzwi vya kutosha. Sayanaidi huiyeyusha zebaki iliyobaki kwenye marudio, na hapo inasafiri na maji kwa wepesi zaidi kuelekea mitoni.

Huko Benguet, Ufilipino, wachimbaji wadogo wamezoea kutumia boraksi badala ya zebaki: wanauchuja mchanga sana, kisha wanauyeyusha pamoja na boraksi, na dhahabu inajitenga. Njia hii haifai kwa kila aina ya jiwe, lakini inafaa kujaribiwa.

Je, wajua kwamba Minamata walianza kuugua paka? Kiwanda cha Chisso katika mji huo wa Japani kilimwaga baharini maji machafu yenye zebaki kuanzia 1932 hadi 1968. Vijidudu vinaweza kuigeuza zebaki ya kawaida kuwa methilizebaki, lakini Minamata methilizebaki ilizaliwa humo humo kiwandani. Ikaingia kwenye samaki, samaki wakaliwa. Paka walizunguka ovyo na kutumbukia baharini; kisha watu wakaanza kufa ganzi, kupepesuka, kuona kama wamo ndani ya bomba. Daktari wa hospitali ya kiwanda, Hosokawa Hajime, alitoa taarifa tarehe 1 Mei 1956. Mwaka 1959 alimlisha paka maji machafu ya kiwanda, paka akaugua vile vile, na kampuni ikaficha matokeo. Kiwanda kikaendelea kumwaga kwa miaka mingine tisa. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa ni zaidi ya 2,200, na miongoni mwao wamo watoto waliozaliwa na ulemavu mkubwa kwa mama walioonekana wazima.

Je, wajua kwamba Irak, kati ya 1971 na 1972, watu 459 walikufa hospitalini kwa kula mkate? Ngano ile ilikuwa mbegu iliyopakwa dawa ya methilizebaki. Maonyo kwenye magunia yaliandikwa kwa Kihispania na Kiingereza. Waliojaribu kuiosha waliona rangi ya dawa ikitoka, wakaamini sumu nayo imetoka.

Je, wajua kwamba glavu za mpira zinaweza kukudanganya? Karen Wetterhahn, profesa wa kemia wa Dartmouth, Marekani, alidondokewa na matone machache ya dimethilizebaki juu ya glavu yake Agosti 1996. Alifariki Juni 1997. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba kemikali ile hupenya glavu za aina hiyo ndani ya sekunde 15. Kila kemikali ina glavu yake, na karatasi ya usalama inayoambatana nayo ndiyo inayosema ni ipi.

Samaki je? Kuchemsha au kukaanga hakuondoi zebaki, kwa kuwa imejishika na protini ya nyama yenyewe. Samaki wakubwa walao wenzao, kama papa na nduwaro, hulimbikiza nyingi, mjamzito awaepuke. Dagaa wana kidogo sana, kwa hiyo mama asinyimwe dagaa.

Je, wajua kwamba daktari Harada Masazumi, aliyewashughulikia wagonjwa wa Minamata kwa miaka mingi, alikuja Kanda ya Ziwa miaka ya 1990 kupima zebaki kwenye nywele za watu? Aliwapima wachimbaji, wavuvi na wakazi wa Mwanza. Baadhi ya waliokutwa na kiwango cha juu hawakuwa wamegusa dhahabu kabisa. Walikuwa wakioga kwa sabuni za kung'arisha ngozi. Zebaki huzuia ngozi kutengeneza rangi yake, na humo humo inaingia mwilini na kuharibu figo. Mvuke wake hubaki kwenye taulo na shuka, ukavutwa na watoto wa nyumba hiyo. Kama krimu haina orodha ya viambato, irudishe dukani. Na kama lebo inakuonya usiiache iguse vito vya dhahabu au fedha, elewa kwamba huenda kilichomo ndani ni zebaki.